Kwa nini mishipa ya moyo ya Wamasai haikuziba?

Mwaka 1964, daktari Mmarekani George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alichapisha, pamoja na wenzake, matokeo ya uchunguzi wa wanaume 400 wa Kimasai nchini Tanganyika. Watu hao waliishi kwa maziwa na nyama, na mafuta ya wanyama waliyokula yalizidi yale ya mwanamume wa kawaida wa Marekani. Hata hivyo, lehemu (kolesteroli) katika damu yao ilikuwa ndogo, na dalili za ugonjwa wa mishipa ya moyo zilikuwa nadra mno. Jambo hilo bado linaleta ubishi mjini Arusha, kila daktari anapomshauri mgonjwa apunguze nyama ya mafuta naye akajibu kwamba babu yake aliyechunga ng'ombe Monduli alikunywa maziwa maisha yake yote na hakuwahi kuugua moyo.

Matokeo ya Mann yalitikisa kwa sababu wakati huo mafuta yalikuwa yameshatiwa hatiani. Mtafiti Mmarekani mwenzake, Ancel Keys, alikuwa ameonyesha mwaka 1953, kwa takwimu za nchi sita, kwamba vifo vya moyo huongezeka pale ambapo watu hula mafuta mengi, na mwaka 1958 alianzisha utafiti mkubwa zaidi katika nchi saba. Wakosoaji walikwisha kumjibu mwaka 1957 kwamba takwimu za nchi 22 zilikuwapo, na zikitumika zote uhusiano huo unalegea. Uingereza, mtaalamu wa lishe John Yudkin alisema mshitakiwa halisi ni sukari, lakini hakusikilizwa sana. Mwaka 2016 ilifichuliwa kwamba katika miaka ya 1960 taasisi ya wafanyabiashara wa sukari nchini Marekani iliwalipa wanasayansi wa Harvard waandike mapitio, yaliyochapishwa mwaka 1967, ya kuitetea sukari na kuelekeza lawama kwenye mafuta.

Tukirudi kwa Wamasai, jibu la kwanza ni kwamba mishipa yao haikuwa safi kama tunavyopenda kusimuliana. Mwaka 1972 Mann na wenzake walitoa matokeo ya kupasua mioyo na mishipa mikuu ya damu ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki, wakakuta utando wa mafuta umeenea, na kuta za mishipa ya moyo zimenenepa sawa na za wazee wa Marekani. Kilichotofautiana ni upana: mishipa hiyo ilikuwa imetanuka kadiri umri ulivyosonga, ikaupita unene wa utando, hivyo damu ikaendelea kupita bila kizuizi, na vidonda vinavyopasuka na kugandisha damu vilikuwa vichache sana. Mann alikisia kwamba mishipa ilitanuka kwa sababu ya mwili uliozoea kazi. Mtu anayemtaja babu yake wa Monduli kama ushahidi kwamba mafuta hayana neno anapaswa kuukumbuka uchunguzi huu, ambao kwa bahati mbaya husimuliwa mara chache kuliko ule wa 1964.

Ukubwa wa kazi hiyo ulikuja kupimwa baadaye hapa hapa Tanzania. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulilinganisha watu 985 katika makundi matatu: Wamasai waliokula mafuta mengi na wanga kidogo, Wabantu wa vijijini waliokula wanga mwingi na mafuta kidogo, na Wabantu wa mjini waliokula vyote viwili kwa wingi. Mmasai alichoma takriban kilokalori 2,500 kwa siku juu ya mahitaji ya msingi ya mwili, mwanakijiji 1,500, na mtu wa mjini 900 tu. Mafuta ya damu ya Wamasai ndiyo yaliyokuwa na hali nzuri kuliko ya wengine. Yapo maelezo mengine yanayoongezea hapo: watafiti wa mwaka 1971 walieleza kwamba mwili wa Mmasai ulipunguza kutengeneza lehemu yake wenyewe kila ilipoingia nyingi kutoka kwenye chakula, na uchambuzi wa magome na mizizi ambayo Wabatemi, majirani wa Wamasai huko Ngorongoro, hutia kwenye supu na maziwa ulionyesha kemikali zinazodhaniwa kuzuia lehemu isifyonzwe tumboni.

Kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, nyumbani kwa Wachagga, chakula cha asili ni kinyume kabisa: ndizi, maharage, ulezi na mboga, yaani wanga juu ya wanga. Iwapo wanga ndio adui, kama wanavyohubiri wengi siku hizi, Mchagga wa zamani angepaswa kuwa wa kwanza kuangamia. Utafiti uliofanyika Moshi na kuchapishwa mwaka 2025 uliwahusisha wanaume 77 wenye afya. Waliotoka kwenye chakula cha asili wakala vyakula vya kimagharibi, vingi vikiwa vya kusindikwa, kwa wiki mbili, viashiria vya mchochota (mwitikio wa kinga ya mwili unaoleta uvimbe) katika damu yao vilipanda na seli za kinga zikapungua nguvu mbele ya vijidudu. Waliofanya kinyume chake walipata nafuu, na baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yanaonekana wiki nne baadaye. Kundi lingine lilikunywa kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, aina ya mbege, pombe ya asili ya Wachagga, kwa wiki moja, nalo likapata nafuu ya mchochota. (Wanywaji wa Marangu wasishangilie mapema, kwani kilichopimwa ni kipimo cha kila siku kilichopangwa na watafiti, si kibuyu kinachozungushwa hadi usiku.) Kinachotofautisha wanga huo na wa mkate mweupe ni nyuzi zake, ambazo huchelewesha sukari kuingia katika damu na kuwalisha bakteria wa utumbo.

Hapo ndipo mabishano ya mafuta dhidi ya wanga yanapokosea njia. Mafuta yanayoganda, kama ya nyama na siagi, hupandisha lehemu mbaya (LDL, ile inayojijenga kwenye kuta za mishipa) kwa watu wengi, kwa kuwa huzuia ini lisiiondoe haraka katika damu, na mapitio ya majaribio yaliyotolewa mwaka 2020 yalikadiria kwamba kuyapunguza kwa miaka 2 au zaidi hushusha matukio ya moyo na mishipa kwa takriban asilimia 17. Lakini faida hutegemea kinachochukua nafasi yake. Anayeyaacha akatumia mafuta ya alizeti, kunde au nafaka isiyokobolewa hunufaika, ilhali anayeyaacha akajaza nafasi kwa soda na maandazi hapati kitu cha maana.

Mteja anayefika Kwa Mrombo, eneo la nyama choma hapo Arusha, kwa bodaboda kula nyama choma ya mbuzi, chipsi na soda baridi anafanana na lile kundi la tatu la utafiti wa 2010: amechukua mafuta ya Mmasai bila mwendo wake, na wanga wa mlimani bila nyuzi zake. Kwake yeye pa kuanzia ni kile kinachoizunguka nyama: ndizi za kuchoma badala ya chipsi, kachumbari nyingi, na maji badala ya soda. Aliyepimwa na kukutwa na lehemu mbaya iliyopanda ana kazi zaidi ya hiyo, kwa sababu kwake mafuta ya nyama yenyewe hayana budi kupungua, hata kama babu yake alichunga Monduli.