The College Dropout: yanayosemwa na yaliyo kweli

The College Dropout, yaani “Aliyeacha Chuo”, albamu ya kwanza ya rapa na prodyuza Mmarekani Kanye West, ilitoka tarehe 10 Februari 2004. Baadaye jamaa akawa habari kwa mambo mengine kabisa, na albamu yenyewe ikageuka hadithi ya kijiweni: kila mtu anaijua, na kila mtu ana yake. Nimekusanya yale ninayoyasikia mara kwa mara.

“Aliitengeneza peke yake”

Hili ndilo linalorudiwa zaidi, na ni kweli nusu. Jina la prodyuza kwenye karibu kila wimbo ni lake. Lakini soma majina yaliyoandikwa kwenye kijitabu cha CD uone msururu wa watu. Miri Ben-Ari yupo kwenye fidla. John Legend yupo, kabla dunia haijamjua. “Last Call” ina mkono wa Evidence wa kundi la Dilated Peoples. “Jesus Walks” aliiandika pamoja na Rhymefest, na ile kwaya inayoubeba wimbo ilichotwa kwenye rekodi ya ARC Choir, kwaya ya Harlem iliyotokana na kituo cha kuwasaidia watu kuacha dawa za kulevya. Mimi huwa naisikiliza tofauti kabisa nikikumbuka hilo.

Rapa anayejiprodyuzia halazimiki kupiga kila chombo. Yeye ndiye anayeamua kipande gani cha santuri kikatwe, ngoma iingie wapi, nani aitwe kuimba kiitikio, na lini kazi imeiva. Hapo Kanye hakumwachia mtu usukani. Albamu ilipovuja miezi kadhaa kabla ya kutoka, wengi wangekimbilia kuitoa hivyo hivyo. Yeye alirudi studio, akabadilisha mistari, akasuka ngoma upya, akaongeza ala za nyuzi na sauti za kwaya. Tarehe ya kutoka ikasogezwa zaidi ya mara moja.

Nadhani dhana hii inatushika sana huku kwetu kwa sababu tumekulia mpangilio mwingine. Tangu enzi za P-Funk Majani na Master J wa Bongo Fleva, prodyuza ana studio yake, rapa anakuja na daftari la mistari. Ukiambiwa rapa kajiprodyuzia, picha inayokuja ni ya mtu mmoja na mashine yake usiku wa manane.

“Basi hakuwa na lebo”

Alikuwa nayo, tena kampuni nzito ya muziki: Roc-A-Fella, chini ya Def Jam. Kujiprodyuzia ni jambo moja, kuitoa kazi kwa fedha zako ni jambo jingine. Shida yake ilikuwa kwamba lebo zilimtaka kwa biti tu. Mwaka 2001 alikuwa ameshatengeneza “Izzo” na “Takeover” za rapa Jay-Z kwenye albamu yake The Blueprint, kwa hiyo kila mlango ulifunguka akiwa na biti mkononi, ukafungwa alipoanza kuchana mistari. Kampuni ya Capitol ilikaribia kumsaini, ikarudi nyuma. Anaisimulia mwenyewe kwenye “Last Call”, wimbo wa zaidi ya dakika 12 ambao nusu yake na zaidi ni maongezi tu.

“Yeye ndiye aliyebuni soul ya kukimbizwa”

Hapana. Kukimbiza ni kuongeza kasi ya rekodi ya zamani ya soul, muziki wa Wamarekani weusi, hadi sauti ya mwimbaji iwe nyembamba. RZA, prodyuza wa kundi la Wu-Tang Clan, alikuwa akizikimbiza sauti za soul tangu miaka ya 1990. Kanye alifundishwa kazi na No I.D., prodyuza wa Chicago, na kwenye The Blueprint Just Blaze alikuwa akipita njia hiyo hiyo. Alichokifanya vizuri kuliko wengi ni kuyaacha maneno ya mwimbaji wa zamani yasikike, kisha akayajibu kwa mistari yake.

“Kuchota sampuli ni kazi ya mvivu”

Kuchota sampuli ni kuchukua kipande cha rekodi ya mtu mwingine na kukijengea wimbo mpya. Anayesema hivi aitazame “All Falls Down”. Kiitikio kilitoka kwa Lauryn Hill, kwenye rekodi yake ya jukwaani ya MTV Unplugged. Sasa, wimbo una haki za aina mbili: ya utunzi, yaani maneno na melodi, na ya ile rekodi yenyewe. Kibali cha kutumia rekodi hakikupatikana. Akaitwa Syleena Johnson kuimba upya mstari ule ule, na Lauryn Hill akabaki kwenye orodha ya watunzi. Sauti unayoisikia pale ni ya Syleena. Wapo waliousikiliza wimbo huo miaka nenda rudi bila kujua.

“Ajali ndiyo iliyozaa albamu”

Ilizaa wimbo mmoja. Usiku wa kuamkia tarehe 23 Oktoba 2002, mjini Los Angeles, alisinzia kwenye usukani akitoka studio. Taya likavunjika, likafungwa kwa waya. Wiki mbili hivi baadaye akarekodi “Through the Wire” na waya zikiwa bado mdomoni, juu ya sauti ya Chaka Khan ya mwaka 1984 iliyokimbizwa. Sikiliza anavyotamka: maneno yanatoka mazito kwa sababu meno hayaachani. Ila biti nyingine za albamu alikuwa akizikusanya miaka kadhaa kabla ya hapo.

“Anawaambia vijana waache shule”

Mama yake, Donda West, alikuwa profesa wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Chicago, na Kanye aliacha masomo hapo hapo. Albamu inakejeli imani kwamba cheti pekee kinatosha. Kama ni kuhubiri, basi amehubiri vibaya, maana wimbo mzima wa “Spaceship” ni kilio cha mtu anayefanya kazi ya dukani asiyoipenda.

“Ilishika namba moja na kubeba tuzo zote”

Ilianzia namba 2 Marekani, ikiwa na nakala 441,000 wiki ya kwanza. Juu yake alikuwa Norah Jones, aliyeuza zaidi ya milioni moja. Kwenye tuzo za Grammy za 2005 Kanye alitajwa mara 10, akashinda mara 3. Albamu ya Mwaka ikaenda kwa Ray Charles, Msanii Mpya ikaenda kwa Maroon 5. Alipata Albamu Bora ya Rap na Wimbo Bora wa Rap, na ile ya tatu haikutoka kwenye albamu hii: aliipata kama mmoja wa watunzi wa “You Don't Know My Name” ya Alicia Keys.