Shugezi ya Kijapani: kurundika magita hakuleti ile ndoto

Kazi yangu ni kufanya miksi, na tangu vijana waanze kuijua shugezi ya Japani (shoegaze, ile roki ya magita mazito yenye ukungu na uimbaji laini unaozama humo) kupitia anime na Youtube naletewa ombi lile lile, "kaka tufanyie ile saundi kubwa ya Wajapani, ile inayoelea", afu nafungua faili nakuta traki za gita zimejaa skrini nzima, kila moja ina fazi, ile pedali ya mguuni inayokwaruza sauti, kila moja ina riveba, yani mwangwi, ya ukumbi mkubwa, na huko katikati mwimbaji anapaza sauti kwa nguvu zote ili angalau asikike. Ukibonyeza plei unapata kitu kimoja cha kijivu, hakina mbele wala nyuma. Nikiuliza kwanini naambiwa ndo shugezi yenyewe hiyo, ukuta wa sauti. Jamani hapana. Nimeshalijibu hili kwa simu, kwa voisi noti na ana kwa ana, acha nilimalize hapa, dai moja moja kama ninavyoletewa.

"Ukuta wa sauti ni kurundika magita mengi na kuweka kila kitu juu"

Hii ndo inanichosha kuliko zote kwa sababu inaharibu nyimbo nzuri, yani wimbo una melodi kali kabisa afu mwenyewe kaufukia.

Anza na hesabu tu. Una gita moja la fazi, ukiongeza la pili lenye kiwango hicho hicho unapata kama desibeli 3 za ziada. Ukifika magita 10 umepata desibeli 10, ambazo sikio linazisikia kama mara mbili ya ulipoanzia. Mara mbili, kwa magita 10! Na kwenye kompyuta kuna dari, ukishagonga sifuri, ndo kiwango cha mwisho, hakuna pa kwenda, kwa hiyo unashusha fada zote, vile vitelezi vya sauti, ile faida inaisha, unabaki na magita 10 yanagombania kona moja, pale kati ya Hz 200 na 500 panajaa matope, na huku juu karibu na Hz 3000 ambako konsonanti za mwimbaji ndo zinaeleweka pameshazibwa. Halafu fazi kwa asili inabana sauti, pigo dogo na pigo kubwa vinatoka sawa, sasa ukishaifuta tofauti hiyo kwenye kila chombo sikio litajuaje kwamba hapa pamekuwa pakubwa?

Watu wananiletea Loveless ya My Bloody Valentine, bendi iliyoanzia Ayalandi, kama ushahidi, ile albamu ya 1991 ambayo karibu kila bendi ya shugezi ya Japani imeisikiliza mpaka ikakariri, eti mle kuna mamia ya magita. Kevin Shields, mpiga gita wao, mwenyewe ameshaeleza mara nyingi kwamba magita mle ni machache kuliko watu wanavyodhani, sehemu nyingi ni moja au mawili. Anachofanya ni kucharaza huku mkono umeshika kile chuma cha tremolo kinacholegeza na kukaza nyuzi, nyuzi zote zinapanda na kushuka kidogo kidogo kwa pamoja muda wote, afu gita linapita kwenye riveba ya kinyumenyume, ile inayovimba badala ya kufifia. Sasa ona kinachotokea, ncha ya pigo inapotea, huwezi kusema noti imeanza lini, na tyuni yenyewe haijatulia, ndo maana kichwa kinaona kama kitu kinaelea. Ndoto inatoka hapo, kwenye ncha iliyofutwa na tyuni inayoyumba, na gita moja linatosha kuifanya kazi hiyo.

Ukitaka ushahidi wa Japani kwenyewe wasikilize Hitsujibungaku. Bendi iliyojulikana ikiwa na watu watatu, gita, besi, drams, basi. Gita moja! Na likifunguka kwenye kiitikio unahisi chumba kimepanuka, kwa sababu kwenye ubeti lilikuwa safi na dogo, lina nafasi ya kukua. Bendi ya Kinoko Teikoku kwenye albamu yao Eureka ya 2013 hivyo hivyo, wanakutembeza kwenye utulivu mrefu, gita linadondosha noti mojamoja, dilei inarudisha, afu ndo wanakufungulia mlango. Wewe unaanza na milango yote wazi toka sekunde ya kwanza afu unaniuliza kwanini kiitikio hakipigi.

Kuna kitu kingine kuhusu Japani ambacho nikikisema watu wanashangaa, nacho ni vyumba vya mazoezi. Nyumba nyingi za kupanga mijini kule kuta ni nyembamba, huwezi kupiga ampu nyumbani, kwa hiyo bendi inakodi studio ya mazoezi kwa saa, na studio hizo pamoja na kumbi ndogo za kupigia shoo karibu zote utakuta ampu zile zile, Marshall pembeni na Roland JC-120. Hiyo JC-120 iko sokoni tangu 1975, ya transista, wati 120, spika mbili za inchi 12, na sifa yake kubwa ni kwamba ukiipandisha inabaki safi, haikwaruzi kirahisi kama ampu za valvu. Mpiga gita anapanda treni na gita mgongoni na pedali kwenye begi, akifika anachomeka kwenye JC-120 iliyopo. Uchafu wote unatoka kwenye pedali, chini yake kuna sauti safi inayong'aa. Mimi naamini sehemu kubwa ya ule mng'ao mnaousikia kwenye shugezi ya kule, ule ukali wa juu kama wa kioo hata fazi ikiwa imefunguka, unatoka hapo. Mnakuja kwangu na plagini ya ampu ya valvu imekwaruzwa mpaka mwisho, afu pedali ya fazi mbele yake, afu fazi nyingine, hapo mng'ao utapitia wapi?

Na mpangilio wa pedali, naomba mlielewe hili vizuri. Riveba ikikaa kabla ya fazi, mkia wake nao unakwaruzwa, unakuwa ukuta mmoja unaonguruma. Riveba ikikaa baada ya fazi, noti inabaki na umbo lake na mkia unakaa nyuma yake. Vyote viwili ni halali na vyote vimetumika sana, ila chagua. Gita moja liwe ukuta, lingine liwe safi. Ukiweka ukuta kila mahali ni kama mpishi anayetia tui la nazi kwenye wali, kwenye samaki, kwenye mchicha na mpaka kwenye chai.

Kwahiyo nikipokea mradi wa hivyo nazima magita yote nabakiza mawili, moja la kuvimba moja la kutulia. Besi naiacha kavu kabisa, drams nazo karibu kavu, hasa kiki na snea, kwa sababu kama gita halina ncha basi lazima kuwe na mtu mwingine wa kusema tuko wapi. Riveba naikata chini kuanzia Hz 300 hivi na juu naipunguza. Mwimbaji nampa nafasi ya milisekunde 40 au 50 kabla riveba yake haijaanza, hapo maneno yanakaa mbele na ndoto inabaki nyuma. Kila mara mteja anauliza nimeongeza nini mpaka pamekuwa pakubwa. Nimetoa!

Wazee wa dansi hili walishalimaliza zamani, solo ana sehemu yake, rithim ana yake, besi ana yake, hakuna anayemkanyaga mwenzake, na magita matatu unayasikia matatu.

"Wajapani wamekopi tu Waingereza"

Muziki ulianzia Uingereza na Ayalandi, hilo halina ubishi. Ila vifaa? Ile fazi inayokwaruza kwenye Psychocandy, albamu ya bendi ya The Jesus and Mary Chain, 1985, ni Shin-ei, kampuni ya Japani. Ile riveba ya kinyumenyume ya Shields ilitoka kwenye mashine ya Yamaha SPX90, Japani tena. Pedali ya kwanza ndogo ya dilei ya dijitali ni Boss DD-2 ya 1983, ya riveba ni RV-2 ya 1987, zote za Japani. Kwahiyo saundi ilienda ikarudi.

Na ilivyorudi haikukaa vile vile. Bendi ya Coaltar of the Deepers walianza 1991 wakachanganya na metali nzito kabisa, mwaka unaofuata Luminous Orange wakaanza Yokohama. Waingereza wenyewe katikati ya miaka ya 90 waliitupa, magazeti yakahamia Britpop, ile roki ya pop ya kwao, bendi ya shugezi Slowdive wakatemwa na lebo yao 1995, afu 1998 vijana wa Supercar kutoka Aomori, kaskazini mwa kisiwa cha Honshu mbali huko na Tokyo, wanatoa albamu ya Three Out Change, magita yananguruma huku melodi ni za pop kabisa unaweza kuziimba bafuni. Ile njaa ya melodi kwangu ndo alama ya Japani. Hata mwaka 2013 walipotoa Yellow Loveless, albamu nzima ya bendi za Japani kuirudia Loveless, wakiwemo Boris na Tokyo Shoegazer, heshima ipo ila kila mtu kaja na mkono wake.

"Mwimbaji ananong'ona kwa sababu hajui kuimba, tumfunike"

Jaribuni kuimba taratibu, karibu na maiki, bila kutetemesha, bila pumzi kuvuja, na tyuni ikae juu ya gita ambalo tyuni yake inayumba. Ni kazi ngumu. Kwenye Loveless sauti zilirekodiwa mara nyingi zikapangwa juu ya nyingine, na Bilinda Butcher, mwimbaji wao, ameshasimulia kwamba mara nyingine alikuwa akiamshwa usingizini anaenda kuimba hivyo hivyo, ndo ule ulaini. Na kwa Japani hoja hii ndo inakufa kabisa, kwa sababu bendi nyingi za kule zinaweka sauti mbele kuliko Waingereza, Sato, mwimbaji wa Kinoko Teikoku, unamsikia neno kwa neno. Rekodini sauti ya chini maiki ikiwa karibu, msipaze halafu mkashusha fada, haifanani, koo lililokazwa linasikika tu hata ukilishusha.

"Bila Jazzmaster haiwezekani"

Inawezekana. Jazzmaster, lile gita la Fender, ina mkono wa tremolo laini, ndo faida yake kubwa. Gita lolote lenye tremolo inayorudi kwenye tyuni litakufanyia, na nyuzi tupu ziachwe zilie. Nunua kwanza pedali moja nzuri ya dilei, gita jipya litasubiri.

"Ni kelele tamu, haziumizi masikio"

Sikio halijui tamu wala chungu, linapokea presha tu. Kwa desibeli 85 inakubalika masaa 8 kwa siku, kila ukiongeza desibeli 3 muda unakatwa nusu, ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 liliweka 100 kama wastani wa juu kwenye kumbi za muziki, na chumba kidogo cha mazoezi chenye JC-120 na drams kinafika huko bila shida. Shields ana tatizo la masikio kupiga filimbi, na shoo za bendi yake plagi za masikio zinagawiwa mlangoni. Nimeona wapiga gita wadogo kabisa wanatoka mazoezini masikio yanapiga filimbi wanacheka eti leo tumeua, inaniuma, kwa sababu vile vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena, na sauti za juu ndo zinatangulia kupotea, yani ule mng'ao wenyewe mnaoutafuta kwangu. Nunueni plagi za wanamuziki zile zenye kichujio, zinashusha sauti zote kwa usawa, pamba haifanyi hivyo inaziba tu za juu. Na msielekeze ampu miguuni, iinueni juu ya kiti imtazame mpigaji usoni, mtashangaa wenyewe mtakavyoishusha.