Mpangilio mmoja wa katalogi haufuti tofauti za vitu

Hapa Tabora nimesikia zaidi ya mara moja kwamba rekodi zote za katalogi ya maktaba zikifuata mpangilio mmoja, ramani na kaseti zitaelezwa kana kwamba ni vitabu, kwa hiyo afadhali kila aina iwe na katalogi yake. Si kweli, na anayeumia ni msomaji.

Kinachofanana ni mfuatano wa taarifa: kichwa na mhusika, toleo, taarifa maalumu za aina ya kitu, uchapishaji, maelezo ya umbo, mfululizo, vidokezo, kisha namba ya utambulisho. Yaliyomo hutofautiana. Chukua ramani ya Reli ya Kati, iliyofika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Baada ya toleo, rekodi yake hutaja skeli. Jarida, mahali hapohapo, hutaja namba za matoleo yake. Kitabu cha kawaida hakina la kusema hapo. Sehemu hiyo inarukwa tu. Kwenye maelezo ya umbo, kitabu huhesabiwa kurasa, kaseti dakika.

Wakutubi wenyewe walianza na kanuni tofautitofauti. Ile ya vitabu ilitolewa na IFLA, shirikisho la kimataifa la vyama na taasisi za maktaba, mwaka 1971, nyingine zikafuata kwa ramani, majarida na muziki, hadi zikaunganishwa kuwa moja, iliyochapishwa 2011. Hapo ikaongezwa sehemu ya mwanzo kabisa inayosema kitu ni maandishi, sauti au picha. Kwa hiyo mwanafunzi anayetafuta habari za Mtemi Mirambo hutafuta mara moja, akaona kitabu, ramani na sauti pamoja, na akajua kipi ni kipi kabla hajainuka kitini.