Sanamu ya pili si lazima iwe feki

Wapenzi wa sanaa hapa Kisumu wakiona picha za Millesgården, bustani ya mchongaji Carl Milles huko Lidingö, karibu na Stockholm, Uswidi, huuliza: ikiwa Poseidon wa Milles, sanamu ya mungu wa bahari wa Wagiriki, amesimama kwenye chemchemi ya mji wa Gothenburg tangu 1931, huyu wa bustanini si feki?

Si feki. Swali hilo tumelizoea kwa sababu ya mawe ya Kisii. Fundi wa Tabaka, huko Kisii, huchonga jiwe, akalipiga msasa kwa maji mpaka likalainika, na hapo ndipo mwisho wake. La pili ataanza upya na halitafanana kabisa.

Sanamu za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, hazichongwi hivyo. Msanii hufinyanga umbo kwa udongo, kisha huchukuliwa kalibu ya plasta. Kwa njia ya nta, umbo la nta linalotolewa kwenye kalibu hiyo hufunikwa pande zote, likachomwa hadi nta ikatoka yote, na bronzi ya moto ikamiminwa palipobaki wazi. Kalibu ya plasta ikiwapo, umbo jingine la nta hutengenezwa. Mkono wa msanii uko kwenye udongo ule wa kwanza, kwa hiyo zote ni kazi yake. Feki ni ile inayosubiwa kwa wizi, bila idhini.

Na ule ukijani juu ya bronzi si uozo. Ni utando unaotokana na hewa na maji, nao huikinga sanamu. Ukiusugua kwa stilwuli, unaivua kinga yake.