Namba tisa wa uongo ni yupi hasa?

Tangu Fiston Mayele aondoke Yanga mwaka 2023 kwenda Pyramids ya Misri, ubishi kuhusu straika wa timu hiyo ya Wananchi haujapoa. Mayele aliwazoesha watu mabao. Msimu wa 2022/23 alifunga 17 kwenye ligi, akalingana na Saido Ntibazonkiza wa Simba, na akawa mfungaji bora wa Kombe la Shirikisho Afrika kwa mabao 7, Yanga ikifika hadi fainali. Alipoondoka, mzigo ukabaki kwa Kennedy Musonda na kijana Clement Mzize. Enzi zao, mechi ikipita bila mmoja wao kuzifumania nyavu, hukukosa mtu kijiweni wa kusema kocha anachezesha namba tisa wa uongo.

Hapo ndipo mambo mawili tofauti yanapochanganywa. Tisa wa uongo si straika asiyefunga. Straika asiyefunga ni straika mwenye ukame, basi. Uongo unaosemwa hapa ni wa mahali anaposimama, na hauna uhusiano wowote na idadi ya mabao yake.

Mashabiki wetu bado tunahesabu nafasi kwa namba za zamani, hata kama jezi ya mchezaji ina namba nyingine kabisa. Mbili na tatu ni mabeki wa pembeni, nne na tano wa kati, sita mkabaji, saba na kumi na moja mawinga, kumi ni fundi anayecheza nyuma ya mshambuliaji. Tisa ni mtu wa mwisho mbele. Anaishi ndani ya kumi na nane, yaani eneo la penalti, anabanana na mabeki wa kati, anasubiri krosi, anakimbilia pasi za kupenyeza. Hata asipougusa mpira kwa dakika kumi, kuwepo kwake tu kunawazuia mabeki wasipande.

Tisa wa uongo, ukitazama karatasi ya kikosi, yupo palepale juu. Mpira ukianza humkuti pale. Anashuka mpaka karibu na viungo wake, anaomba mpira mguuni, anageuka, anatoa pasi. Sasa jiweke kwenye nafasi ya beki namba tano wa timu pinzani. Tangu wiki nzima umeambiwa tisa ni mtu wako. Ukimfuata anaposhuka, nyuma yako linabaki pengo, na winga tayari ameshaanza kukimbia kuingia humo. Ukibaki na mstari wako, yeye anapokea mpira akiwa peke yake na uso umeelekea goli lako, na viungo wako wawili wanajikuta wanakaba watu watatu. Ukisema sita amchukue, namba kumi wao anabaki huru. Kila jibu lina gharama yake, na una nusu sekunde tu ya kuchagua.

Waingereza walikutana na swali hilo Novemba 25, 1953 pale Wembley. Hungary walikuja na Nándor Hidegkuti, jezi namba 9 mgongoni, ambaye alicheza nyuma ya Ferenc Puskás na Sándor Kocsis badala ya kukaa mbele yao. Beki wa kati wa England, Harry Johnston, hakujua amfuate au abaki. Hidegkuti alifunga ndani ya dakika ya kwanza, akamaliza na mabao matatu, na Hungary wakashinda 6-3.

Kizazi chetu kinamkumbuka zaidi Lionel Messi. Mei 2, 2009, Barcelona ilikwenda Bernabéu kucheza na Real Madrid, na kocha wao Pep Guardiola akambadilishia nafasi: Samuel Eto'o akapelekwa kulia, Messi akawekwa katikati, lakini akicheza chini kidogo. Fabio Cannavaro na Christoph Metzelder, mabeki wa kati wa Madrid, wakabaki wanalinda eneo ambalo halina mtu. Matokeo yalikuwa 6-2. Messi alifunga mawili, na Thierry Henry, aliyekuwa anatokea kushoto, naye alifunga mawili. Hilo la Henry ndilo la kushika. Tisa wa uongo hana maana yoyote kama hakuna mtu wa kukimbilia pengo analoliacha.

Turudi Jangwani, nyumbani kwa Yanga. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1 kwenye dabi ya Kariakoo. Musonda alifunga la kwanza. Manne yaliyofuata yalifungwa na watu wanaocheza nyuma ya straika: Max Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki moja, Pacome Zouzoua moja kwa penalti. Wapo wanaoitumia mechi ile kama ushahidi kwamba kocha wa Yanga wakati huo, Miguel Gamondi, alikuwa na tisa wa uongo. Mimi nakataa. Musonda na Mzize ni washambuliaji wa kweli: wanakaa juu, wanakimbia nyuma ya mabeki, wanawavuta pembeni, wanapambana nao kwa miili. Wanapowaburuta mabeki wawili kuelekea goli lao, kati ya mabeki hao na viungo wao panafunguka uwanja, na humo ndimo akina Aziz Ki walikuwa wanaingia na kupiga.

Kwa hiyo mwendo ni wa kinyume. Kwa tisa wa uongo, mshambuliaji anarudi nyuma na beki anavutwa mbele, kisha winga anaingia mgongoni mwa beki. Kwa Yanga ile, mshambuliaji alikuwa anawasukuma mabeki nyuma, kisha kumi anatokea mbele ya macho yao. Ukiangalia orodha ya wafungaji peke yake, mifumo hiyo miwili inafanana kabisa: mabao ni ya viungo na mawinga. Ndiyo maana orodha hiyo haiwezi kutatua ubishi huu.

Na orodha zenyewe za ligi yetu ni za kuvutia. Mfungaji bora wa 2023/24 alikuwa Aziz Ki kwa mabao 21, nyuma yake Feisal Salum wa Azam mwenye 19. Msimu uliofuata akawa Jean Charles Ahoua wa Simba kwa mabao 16. Wote watatu ni viungo washambuliaji. Kwa hali hiyo, kumpima tisa kwa mabao peke yake ni kumwonea. Kuna straika anayemaliza mechi bila bao na bado ndiye aliyewachosha mabeki mpaka kumi akapata nafasi ya kupiga bila bughudha.

Wanaodai mmaliziaji halisi nao wana hoja, na naiheshimu. Robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2024, Yanga na Mamelodi Sundowns walitoka 0-0 Dar es Salaam na 0-0 tena Pretoria, Yanga ikatolewa kwa penalti. Shuti la Aziz Ki liligonga mwamba na kudunda, refa hakutoa bao. Kwenye mechi ngumu kama zile, ambazo nafasi ni moja au mbili, unatamani mtu ambaye mpira ukimwangukia ndani ya kumi na nane, anauzamisha. Timu inayotegemea mabao ya viungo inahitaji kutengeneza nafasi nyingi zaidi.

Tisa wa uongo naye ana siku zake mbaya. Mabeki wakigoma kumfuata, wakakaa chini na kupaki basi, yaani kujazana mbele ya goli lao, anajikuta amekuwa kiungo wa nne katikati ya msongamano. Pasi zinakuwa nyingi na goli linakuwa mbali. Beki wa pembeni akipanda na kumimina krosi, ndani hakuna kichwa.

Mechi ijayo, timu yako ikiwa inashambulia, acha mpira kwa dakika chache na umtazame beki wa kati wa wapinzani. Akitoka kwenye mstari wake kumfuata tisa wenu, angalia nani anakimbilia pale alipotoka. Na krosi ikipita mdomoni mwa goli bila mtu wakati tisa wenu ameshuka kati, kabla hujamlaumu, tafuta winga wa upande wa pili alikuwa wapi. Kwenye mfumo ule, kuingia pale ilikuwa kazi yake.