Kabla hujaandika kwa Kiingereza kwamba mtu ana tabia njema

Mwalimu mmoja wa sekondari alituletea barua tuipitie kabla hajaituma. Alikuwa akimwombea binti wa kidato cha sita nafasi ya masomo nje ya nchi, na katikati ya sifa zote alizompa akaandika kuwa ni "a temperamental girl". Nikamuuliza, "Mwalimu, huyu binti ana hasira?" Akashtuka. "Hasira? Hata kidogo, dada. Mtoto mpole, hana makuu, sijamwona akigombana na mtu." Alichofanya ni kufungua kamusi, akakuta "temperament" ni tabia, akachukua kivumishi chake akiamini kinamfaa mtu mwenye tabia njema. Kumbe kwa Mwingereza neno hilo ni lawama. Ni mtu asiyetabirika, asubuhi anacheka na adhuhuri amenuna, neno dogo tu linamwasha. Msomaji aliye mbali, asiyemjua binti huyu, angeishia kwenye sentensi ile.

Kwetu sisi tunaofanya kazi ya tafsiri hapa Tanga, kosa hili si geni, wala simlaumu mwalimu. Shida inaanzia kwenye neno "tabia" lenyewe, maana kwa Kiswahili limebebeshwa mizigo mingi. Ni tabia aliyozaliwa nayo mtu, ni tabia aliyoizoea, ni tabia anayoionyesha mbele za watu. Hata nchi tumeipa tabia, tukaunganisha maneno mawili tukapata tabianchi. Kiingereza kimeugawa mzigo huo, na kila fungu lina mwenyewe.

"Temperament" ndilo la ndani kabisa. Limetoka kwenye kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kuchanganya vitu kwa kiasi kinachofaa. Matabibu wa Uyunani wa kale, na baadaye Galen katika karne ya 2, walifundisha kwamba mwili una majimaji manne: damu, belghamu, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Mchanganyiko wake, waliamini, ndio unaomfanya huyu awe mchangamfu na yule mzito wa kuchukua hatua, huyu mwepesi wa hasira na yule mwenye huzuni isiyo na sababu. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki mwaka 1037, aliiandika elimu hiyo kwa Kiarabu, na tiba ya namna hiyo ikazoeleka hadi pwani yetu. Sayansi ya leo imeyaacha majimaji yale manne, lakini lugha haikuyaacha. Mzee wa Ngamiani anayeumwa viungo bado atakwambia ana baridi yabisi, yaani baridi na ukavu, maneno ya tiba ile ile. Na kuna jambo linalonifurahisha kila ninapolifundisha: kutoka mzizi huo huo Waingereza walipata "temperature", yaani halijoto, na "temperate", nchi isiyo na joto kali wala baridi kali. Wao na sisi, kila mmoja kwa njia yake, tumeona hali ya moyo wa mtu na hali ya hewa ni ndugu.

Kwa hiyo ukitafuta Kiswahili cha "temperament", hulka au silika yanakaribia zaidi kuliko tabia. Ndugu yake mdogo, "temper", anahitaji uangalifu zaidi. Zamani lilikuwa jina la ule ulinganifu wa ndani, ndiyo maana mpaka leo anayekasirika husemwa ameipoteza "temper" yake. Lakini ukiandika tu kwamba mtu ana "temper", umesema ana hasira. Ukiandika "even-tempered", umesema ni mtulivu, na hilo ndilo mwalimu wetu alilokuwa akilitafuta.

"Character" ni habari nyingine. Kwa Kiyunani kilikuwa chombo cha kuchongea alama, kisha ikawa alama yenyewe. Hapa hatuzungumzii alichozaliwa nacho mtu ila kilichochongwa na malezi, na maamuzi yake mwenyewe. Mtoto anaweza kuzaliwa na hulka ya moto na bado akakua na "character" ya subira. Wazee wetu wanaposema muungwana ni kitendo, wanasema habari hiyo hiyo. Ila chunga: "a woman of character" ni sifa kubwa, mwanamke mwadilifu na mwenye msimamo, wakati "he is a character" maana yake ni mtu wa vituko.

"Personality" asili yake ni kinyago cha mwigizaji wa Kirumi. Ni ile sura ya mtu ambayo wengine hukutana nayo. Vitabu vya saikolojia huiita haiba, ingawa mitaani haiba ni mvuto na heshima aliyonayo mtu. Tapeli anaweza kuwa nayo ya kupendeza sana.

Yakishaeleweka hayo, kinachobaki ni kupima kama neno linasifu au linalaumu. "Firm" na "stubborn" yanaweza kumhusu mtu yule yule, kama msimamo na ukaidi. "Thrifty" anajua kutunza fedha. "Stingy" ni mkono wa birika. Kwenye "jealous" na "envious" sisi tuna nafuu, maana wivu wa kulinda kilicho chako na kijicho cha kutamani cha mwenzio tunavitenganisha tangu utotoni, na Waingereza wenyewe siku hizi huvichanganya.

Barua ya binti tuliirekebisha: "even-tempered", kisha sentensi mbili zinazoeleza alivyowasaidia wenzake wa bwenini kujiandaa kwa mitihani. Mwalimu alipokuwa akiondoka akasita mlangoni, akauliza kuhusu neno "simple". Amemwandikia kijana mwingine kuwa ni "a simple boy", kwa maana ile ile ya kutokuwa na makuu. Nikamweleza kwamba likisemwa juu ya mtu linaweza kusomeka kuwa akili yake ni nzito. Bahati nzuri bahasha ilikuwa bado mkobani mwake. Akaketi tena, tukaandika "modest and unassuming".