Mwambie mwenzio ukweli: mtoto aliyedhoofu hafichwi

Wiki ya Unyonyeshaji Duniani huadhimishwa tarehe 1 hadi 7 Agosti, na wanaoitikia mwito wetu wa kuja kliniki kwa wingi ni kina mama ambao watoto wao wananawiri. Tunaowahitaji zaidi hubaki nyumbani. Uzito wa mtoto umesimama, nguo zinampwaya, na mama analiogopa benchi la kliniki kuliko anavyouogopa ugonjwa wenyewe. Akikaa pale, jirani atamtazama mtoto, atamtazama mama tumboni, kisha atanong'ona kwamba amembemenda mwanawe, yaani amemdhoofisha kwa kukutana na mume au kushika mimba angali ananyonyesha.

Tulieleze tena, ingawa limeelezwa miaka mingi. Mtoto hadhoofu kwa sababu wazazi wamekutana kimwili wakati ananyonya. Mbegu za kiume haziingii kwenye maziwa, na mimba mpya haiyageuzi maziwa kuwa sumu. Hata hivyo bado wapo watoto wanaozungushwa kwa waganga na kuogeshwa dawa kwa majuma, ilhali wanachohitaji ni chakula na matibabu ya kuhara. Inatuuma, kwa sababu majuma hayo ndiyo yangetosha kuwaponya.

Imani hii hudumu kwa kuwa macho yanaonekana kuithibitisha. Mama anagundua ana mimba, anaona aibu, anapaka shubiri kwenye chuchu na kumwachisha mtoto ziwa kwa siku moja. Mtoto anahamishiwa uji mwepesi wa sembe tupu, anaharisha, miguu inavimba. Majirani wanaiona mimba, wanamwona mtoto, wanaunganisha. Kilichomwangusha ni kuachishwa ghafla na uji usio na karanga, maharage, dagaa, yai wala mafuta. Mjamzito mwenye afya njema anaweza kuendelea kunyonyesha, mradi naye aongezewe chakula na ahudhurie kliniki.

Hapo rafiki ana kazi ambayo muuguzi hawezi kumfanyia. Kina mama wakikutana kisimani, sokoni au kwenye kumtazama mzazi, kila mmoja husema wake anakula vizuri, analala vizuri, hajawahi kuumwa. Anayesikia hayo, na wake nyumbani hataki kula, hufunga mdomo. Basi anza wewe, na useme kitu mahususi: kwamba ulimpa maji akiwa na miezi miwili ukidhani ana kiu, au ulikosa kliniki miezi mitatu. Kisha muulize, "Jana alikula mara ngapi, na alikula nini?" Usiulize, "Mbona amekonda hivi?" Swali la pili linamhukumu, naye atakujibu uongo. Kipimo cha kulinganisha ni hiki: wa miezi 6 hadi 8 ale milo 2 hadi 3 kwa siku, akianza na vijiko viwili vitatu hadi afikie nusu kikombe cha mililita 250, kuanzia miezi 9 milo 3 hadi 4, na akishatimiza mwaka, kila mlo robo tatu ya kikombe hadi kikombe kizima. Haya yote pamoja na kunyonya, hadi miaka miwili au zaidi.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii ana utepe wa kupimia mkono. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 hupimwa mkono wa kushoto, katikati ya ncha ya bega na kiwiko, mkono ukining'inia umelegea. Utepe ukikazwa sana au ukilegezwa, jibu si sahihi. Chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, yaani utapiamlo mkali, kuanzia 11.5 hadi chini ya 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa wastani. Bonyeza pia miguu yote miwili kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki, nenda kituoni siku hiyo hiyo, hata kama utepe umeonyesha kijani.

Kituoni mtoto atapimwa uzito na urefu, ataandikwa kwenye rejista, kisha atajaribiwa hamu ya kula. Mwenye utapiamlo mkali anayekula vizuri na asiye na homa kali wala kutapika hutibiwa akiwa nyumbani kwa chakula dawa, yaani chakula maalumu cha pakiti cha kutibu utapiamlo, na hurudi kupimwa kila wiki. Asiyekula hulazwa. Pakiti za chakula dawa zimehesabiwa kwa uzito wa mtoto huyo mmoja. Zikigawiwa nduguze pia, yeye hapati dozi kamili. Njoo na kadi yako hata kama ina mapengo. Chanjo iliyorukwa huendelezwa pale ilipoishia, hairudiwi kuanzia mwanzo. Usiazime kadi ya mwenzio kukwepa kugombezwa, maana tutamchanja mwanao kwa tarehe za mtoto mwingine. Na muuguzi hana ruhusa ya kukugombeza.

Wapo wanaouliza kama watashtakiwa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 ya Tanzania inampa mzazi wajibu wa kumlisha na kumtibu mtoto, na anayeukiuka akitiwa hatiani anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni tano, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili. Kumleta mtoto kituoni ni kutimiza wajibu huo. Afisa ustawi wa jamii anaweza kuitwa pale penye dalili za ukatili au pale baba anaponyima matumizi, na kuitwa kwake si kufunguliwa kesi.

Mtazame na mama mwenyewe. Machozi ya siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ya kawaida, na kwa wengi hukoma ndani ya wiki mbili. Yakipita hapo, akawa hataki kula, hapati usingizi hata mtoto akilala, au anasema mtoto angekuwa heri bila yeye, hiyo yaweza kuwa sonona, nayo inatibika. Muulize waziwazi kama anawaza kujidhuru; kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akikubali, usimwache peke yake, ondoa sumu ya panya na vidonge karibu naye, na mfikishe kituoni siku hiyo hiyo.

Alichokuambia kibaki kwako na kwa mhudumu anayemtibu. Picha ya mtoto aliyevimba miguu usiitume kwenye kundi la WhatsApp, hata kwa nia ya kumchangia. Matibabu huchukua wiki kadhaa za kurudi kituoni, mara nyingi sita hadi nane, na mama aliyetangazwa huacha kuja mtoto akiwa bado hajapona.